Maswali na Majibu: Ndege Kuukuu za Vita na Chumvi ya Pwani

Safari iliyopita niligusia kwamba mwaka 1940 ndege za Waitaliano ziliiangushia Malindi mabomu. Maswali yamemiminika, na mengi yanawahusu marubani. Nitayajibu, ila kila nikipata upenyo nitawarudisha karakanani, maana huko ndiko ndege ya zamani hufia au hufufukia.

Mimi ni fundi wa majahazi, Matondoni. Mjukuu wangu ananiambia Waingereza walikuwa na ndege ya vita ya mbao. Kweli, au ananichezea?

Shikamoo, fundi. Hakuchezei. Inaitwa de Havilland Mosquito, na iliruka mara ya kwanza Novemba 1940. Mbao nyepesi za balsa zilibanwa katikati ya tabaka mbili za plaiwudi, na kiwiliwili kikaundwa nusu mbili, ya kushoto na ya kulia, juu ya kalibu. Nyaya na mabomba yalifungwa ndani kwanza, nusu zingali wazi, ndipo zikagandishwa pamoja. Jahazi lako lina mkuku na mataruma. Mosquito nguvu zake zote zilikaa kwenye ganda. Wengi walioiunda walikuwa maseremala wa samani, na ndege yao ilipita kilomita 600 kwa saa.

Ugonjwa wake ulikuwa gundi. Ile ya mwanzo ilitengenezwa kwa protini ya maziwa, na unyevu haikuuweza. Mwaka 1944, huko India na jirani zake, kuna Mosquito zilizoachia viungo, ikabidi zichunguzwe. Ndiyo maana fundi wa leo hakiamini kiungo cha zamani hata kikionekana kizima. Kule New Zealand, Glyn Powell alitengeneza kalibu mpya, na Mosquito moja yenye namba KA114, iliyokuwa imeozea shambani Kanada, ikapata mwili mpya na kuruka tena Septemba 2012. Mbao mpya, vyuma vya zamani. Kuna wanaosema hiyo si ndege ileile. Wewe uliyebadilisha mbao za jahazi na kuliachia jina lake, nadhani utakuwa upande wangu.

Mikono ya Matondoni ingeiweza kazi hiyo? Kuchonga na kulainisha, bila shaka. Kigumu ni karatasi: ubao lazima ujulikane ulikotoka, na gundi hupimwa kwa vipande vya majaribio vinavyovunjwa makusudi.

Nyavu zetu hunasa kwenye kitu huko nje ya Ngomeni. Wazee wanasema ni ndege. Tukiiopoa tutatajirika?

Najua mmesikia habari za P9374, ndege ya vita ya Waingereza aina ya Spitfire. Ilitua kwa dharura ufukweni Calais, Ufaransa, Mei 1940. Rubani wake, Peter Cazenove, akatekwa, na mchanga ukaimeza ndege. Mwaka 1980 ilichomoza, mwaka 2011 ikaruka, na mwaka 2015 ikauzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 3. Kilichofichwa katika hadithi hiyo ni miaka ya kazi na pesa za matajiri waliozimwaga kabla ya mnada. Sehemu kubwa ya bati lake ni jipya.

Alumini iliyokaa kwenye maji ya chumvi huonekana nzima ikiwa chini. Ikitolewa na kukauka, huanza kuvimba na kubanduka tabaka kwa tabaka. Magurudumu yakiwa ya magnesi, pengine hamtayakuta kabisa. Na kama ni ndege ya vita kweli, huenda ina risasi au bomu. Iacheni, wekeni alama mahali penyewe, kisha mwende Makumbusho ya Malindi mkawaeleze.

Spitfire inaweza kutua uwanja wetu wa Malindi?

Kutua inaweza, barabara ya kurukia inatosha. Taabu ni joto. Rejeta zake ziko chini ya mabawa, na za miundo ya mwanzo huzibwa kiasi na mguu wa gurudumu ndege ikiwa chini. Mwambie rubani asubiri ndege ya abiria itue kwanza, saa nane mchana, uone maji yatakavyochemka. Halafu injini yake, Merlin, inakunywa petroli ya ndege, si mafuta ya taa yanayotumiwa na ndege nyingi zinazoshuka Manda, uwanja wa Lamu.

Ndege hizi si ndizo zilizowapiga watu wetu? Kwa nini tuzishangilie?

Swali la haki. Kuanzia mwaka 1953 Waingereza walitumia ndege za mafunzo aina ya Harvard, na baadaye Lincoln kubwa, kudondosha mabomu kwenye misitu ya Aberdare na Mlima Kenya dhidi ya Mau Mau. Harvard nyingi zinaruka bado kwenye maonyesho duniani, zimepakwa rangi zikang'aa. Mimi napenda zitunzwe. Ninachokataa ni kibao kinachotaja nguvu za injini kikanyamaza kuhusu misitu ile.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, Lamu. Kuna wanawake waliorusha ndege za vita?

Tele, mwanangu. Nchini Uingereza zaidi ya wanawake 160 walikuwa marubani wa kikosi cha kupeleka ndege kutoka viwandani hadi kambini. Mary Ellis peke yake alirusha Spitfire zipatazo 400. Alifariki mwaka 2018 akiwa na miaka 101. Mara nyingi walikabidhiwa aina ya ndege ambayo hawajawahi kuigusa, wakasoma kijitabu cha maelezo, wakapaa. Tangu mwaka 1943 walilipwa sawa na wanaume. Wewe anza na hisabati na fizikia, kisha ulizia shule za urubani Uwanja wa Wilson, Nairobi. Baadaye jifunze ndege zenye gurudumu la mkiani kama Super Cub, kwa sababu nyingi za zamani ziko hivyo.

Kwa nini mafundi huzungusha pangaboi la ndege ya zamani kwa mkono kabla ya kuwasha injini?

Hizo ni injini za duara, yaani silinda zake zimepangwa kuzunguka kama miale ya jua, kama za Harvard na za Dakota, ndege ya mizigo ya wakati wa vita. Ndege ikilala, oili huteremka na kujaa kwenye silinda za chini, na oili haibinyiki. Fundi huvuta pangaboi polepole, bapa baada ya bapa, swichi zikiwa zimezimwa. Likigoma halazimishi, wala halirudishi nyuma: anafungua plagi za chini, oili inamwagika, anaanza upya. Anayelazimisha hupinda mkono wa pistoni, na injini inashushwa.