Fosepsi zinaishia wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni nesi, nimepewa kusimamia vifaa vya thieta (chumba cha upasuaji) huu mwezi wa tatu, na kila wiki seti inarudi pungufu, leo mkasi kesho fosepsi (kile kikoleo cha kubania), daktari anafoka, thieta wanasema watu wa utakasaji, wanaoosha na kuua vijidudu kwenye vifaa, ndo wamepoteza, utakasaji nao wanasema walipokea hivohivo. Bosi anataka tuongeze seti mbili. Tununue?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Msinunue kwanza, maana hizo mpya nazo zitapotelea hukohuko. Mi nimefanya thieta miaka mingi, na vifaa vingi tulivyodhani vimeibiwa tulivikuta ndani ya mashuka ya upasuaji, mtu anakunja harakaharaka mgonjwa mwingine anasubiri, fosepsi imo humo, inaenda kufuliwa au inaishia kwenye taka. Mashuka yakung'utwe kabla trei haijatoka, kila mara.

Halafu kuhesabu. Najua mnahesabu kabla ya kuanza na kabla ya kufunga kidonda, na kuthibitisha hesabu imetimia kumo hadi kwenye orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ya 2008, ila hesabu ile inamlinda mgonjwa na inaishia mezani, trei ikiondoka pale hakuna anayeifuata. Kwa hiyo kila trei iwe na karatasi yake yenye jina la kila kifaa na idadi, anayeleta na anayepokea wahesabu pamoja wasaini palepale, sio kesho asubuhi. Lawama zitapungua sana, kwa sababu mtajua kilipotea kabla ya kufika sinki la utakasaji au baada.

Na je, seti ni chache kweli au zinachelewa? Andika wiki mbili saa trei inapotoka na saa inaporudi tayari. Otoklevu (mashine ya kutakasa kwa mvuke) ya nyuzi 134 yenyewe inashikilia joto dakika 3 au 4 tu (ukiongeza kupanda joto, kukausha na kupoa ndo inakuwa ndefu), masaa mengi yanaliwa na trei iliyolala na damu imekaukia kwenye maungio ya mkasi. Zifunikeni kitambaa chenye maji safi, sio maji ya chumvi wala klorini, zinakula chuma. Na kifurushi kikitoka kimelowa kirudi kikatakaswe upya, hata kama utepe wake wa kuonyesha kimepita kwenye joto umebadilika rangi.

Ukikuta trei zinarudi kwa wakati na bado hazitoshi, hapo mpelekee bosi hizo karatasi, mnunue.