Usiiamini herufi ya diski yako

Jumamosi moja nilifunga diski ya ziada kwenye seva ya Linux ya ofisi niliyokuwa nikiihudumia. Nilipoiwasha haikufika mwisho. Ilikwama kwenye skrini nyeusi, ikiomba nywila ya msimamizi ili nitengeneze mambo kwa mkono. Nilihangaika karibu saa nzima nikidhani diski ya data imekufa, kumbe ilikuwa nzima kabisa. Kilichobadilika ni herufi: niliyoizoea kama sdb sasa ilikuwa sdc, na kwenye faili la /etc/fstab, linaloiambia mashine diski zipi ifungue inapowaka, nilikuwa nimeandika /dev/sdb1.

Wanaojifunza Linux wengi huchukulia sda kuwa jina la diski. Ni namba ya foleni tu. Kerneli, yaani kiini cha Linux, ikiwaka huzikuta diski moja baada ya nyingine: ya kwanza huitwa sda, inayofuata sdb, na zikipita sdz inakuja sdaa. Zamani, diski za IDE (aina ya kizamani ya kebo) zilipoitwa hda na hdb, herufi ilifuata waya: hdc ilikuwa ya kwanza kwenye kebo ya pili, hata kama kebo ya kwanza ilikuwa tupu. Siku hizi ukiongeza diski, au ukiacha flashi imechomekwa wakati wa kuwasha, foleni inaweza kupangika upya. Za NVMe, aina mpya ya diski za kasi, nazo ni hivyo hivyo. Katika nvme0n1p2, p2 ni patisheni (kipande cha diski) ya pili, lakini ile 0 ya mwanzo ni zamu.

Kwa hiyo kwenye fstab andika UUID, kitambulisho kisichofuata foleni. Endesha lsblk -f, nakili ule mfuatano mrefu ulio mbele ya patisheni yako, kisha mstari uwe hivi:

UUID=(mfuatano wako) /data ext4 defaults,nofail 0 2

Neno nofail usilisahau kwa diski ambayo mfumo unaweza kuishi bila yake. Lisipokuwepo, na diski isionekane, systemd, programu inayosimamia uwashaji wa mfumo, kwa kawaida husubiri sekunde 90 halafu inakutupa kwenye ile skrini nyeusi. Ukimaliza, endesha findmnt --verify kabla ya kuzima mashine. Amri hiyo hukagua makosa kwenye fstab.

UUID ni ya mfumo wa faili, si ya chuma chenyewe. Ukifomati upya, inabadilika. Ukinakili diski nzima kwa dd, amri ya kunakili data jinsi ilivyo, utakuwa na diski mbili zenye UUID moja, basi usiziwashe pamoja.

Na hiyo dd ndiyo inayonitia hofu kuliko vyote, kwa sababu haiulizi. Ukiandika of=/dev/sdb (yaani andika humo) ukidhani ni flashi, kumbe ni diski yenye picha za familia, mwanzo wa diski unafutwa kabla hujashtuka. Mimi huanza na ls -l /dev/disk/by-id. Humo kila diski ina jina lenye modeli na namba iliyopewa kiwandani, na za USB huanza na usb-. Hilo ndilo ninalolibandika kwenye amri, hata kama ni refu.

Kadi za mtandao zina hadithi yake. Tangu systemd toleo la 197, mwaka 2013, jina la zamani eth0 lilianza kuyapisha majina kama enp3s0: en ni Ethernet, p3 ni basi la PCI (njia ya data ya kadi) namba 3, s0 ni nafasi yake humo. Ni afadhali sana, ila ukichomeka kadi nyingine ya PCI namba za basi zinaweza kusogea na jina likabadilika. Kwa seva iliyo mbali nawe, fungia jina kwenye anwani ya MAC, yaani namba ya kadi yenyewe, kwa faili la .link ndani ya /etc/systemd/network.

Siku hizi, kabla sijafunga diski yoyote, nasoma kibandiko chake na kuandika tarakimu nne za mwisho za namba ya kiwandani kwa kalamu ya wino mzito upande wa mbele wa kasha. Ikiharibika, by-id inanionyesha namba, nami najua ni ipi ya kuchomoa.