Saa mbili ya Wajerumani, na namna ya kuwazoesha marubani wa glaida FLARM

Mara ya kwanza FLARM, kifaa kinachoonya ndege zikielekea kugongana, iliponipigia kelele angani, niligeukia upande usio wake. Nilikuwa bado mwanafunzi wa urubani wa glaida, kiti cha mbele, juu ya milima ya Schwäbische Alb kusini mwa Ujerumani. Marubani hutaja upande kwa namba za uso wa saa, kumi na mbili ikiwa mbele ya pua ya ndege. Mwalimu aliyekaa nyuma yangu akasema kwa Kijerumani, "Saa mbili!" Kichwa changu cha Moshi kikaipokea kwa Kiswahili. Kwetu ikiwa saa mbili mshale mfupi uko kwenye nane, basi nikatazama kushoto, nyuma ya bega. Glaida yenyewe ilikuwa kulia mbele. Mwalimu alishashika usukani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, kabla hata ya kuzungumzia kifaa: ukimfundisha mtu aliyekulia kwenye saa zetu, mwambie "kulia mbele" au "kushoto nyuma". Namba za saa atazizoea akiwa chini, kwa kuchorewa.

Kwa wasioijua, glaida ni ndege isiyo na injini. Inapanda kwa kuzunguka ndani ya hewa ya moto inayoinuka, kama afanyavyo tai. Shida ni kwamba hewa nzuri haiko kila mahali, hivyo wote tunakimbilia wingu lile lile na ubavu ule ule wa mlima. Kifaa cha kawaida cha kuonya ndege za abiria kingelia mfululizo hapo hadi ukizime. FLARM ilibuniwa Uswisi kwa ajili yetu hasa, ikaanza kuuzwa mwaka 2004. Inachukua mahali ulipo kwa GPS na kimo chako kwa mgandamizo wa hewa, inakadiria utakapokuwa sekunde chache zijazo ikijua kwamba glaida huzunguka, kisha inawatangazia wenzako kwa redio kila sekunde. Nao wanakutangazia vivyo hivyo. Njia zikielekea kugongana, inalia, na taa zinaonyesha upande.

Neno zito hapo ni "wenzako". Asiye na kifaa chochote cha kutangaza mahali alipo haonekani kabisa. Unaweza kununua cha bei mbaya kuliko vyote, ukabaki kipofu kwa jirani aliyekataa. Ndiyo maana kazi kubwa ni kuwashawishi watu, na hapo mimi nilianza vibaya. Kwenye mkutano mmoja wa majira ya baridi niliwaonyesha wazee wa klabu picha na michoro kwa saa nzima. Mzee mmoja, rubani tangu ujana wake, alinisikiliza kwa adabu halafu akauliza: "Kijana, macho yako yana kasoro gani?"

Swali lake lilikuwa la haki. Hofu yake ni kwamba vijana watainamia taa badala ya kutazama nje, na nimeshawaona wanaofanya hivyo. Sikubishana naye tena. Msimu ulipofunguka nikamwomba turuhusiwe kufungua rekodi ya safari yake pamoja na ya mwenzake mmoja, waliokuwa angani mchana ule ule. Tulizipandanisha kwenye kompyuta, tukaona mahali walipopishana karibu mno. Hakuna aliyekumbuka kumwona mwenzake. Mzee alinyamaza, akaomba turudishe nyuma tena.

Hapo ndipo nilipomweleza jambo ambalo lingetakiwa litangulie picha zangu zote. Ndege iliyo kwenye njia ya kukugonga haisogei kwenye kioo chako. Inabaki nukta pale pale, inakua taratibu, halafu ghafla inakuwa kubwa. Jicho letu hunasa kinachosogea. Glaida mbili zikikabiliana, kila moja kwa kilomita 100 kwa saa, zinakaribiana mita 55 hivi kila sekunde. Onyo la kwanza huja kama sekunde 18 kabla, au chini ya hapo, yaani mkiwa na kilomita moja hivi kati yenu. Nukta nyeupe mbele ya wingu jeupe, kilomita moja. Hata macho ya mwewe yangehangaika.

Ukishampata mtu, usimwache na boksi. Angalia antena: ikijificha nyuma ya nyuzi za kaboni au chuma, kifaa kinawaka vizuri huku hakisikiki upande mmoja. Rekodi za safari zinaweza kukuonyesha kinasikika umbali gani kila upande, kwa hiyo zipime. Programu isasishwe kabla ya msimu, maana iliyopitwa na wakati haielewani na za wengine. Sauti isipunguzwe hadi mwisho. Na mfundishe mkiwa kwenye glaida ya viti viwili jambo moja tu: ikilia, tupa jicho kwenye taa mara moja, kisha tazama nje upande huo. Kifaa hakisemi panda wala shuka. Uamuzi ni wako, na huwezi kumkwepa usiyemwona.

Wanaoshindana watakuambia hawataki wapinzani waone wanapopata hewa nzuri. Kuna mpangilio wa kuficha taarifa hizo, na onyo la kugongana linabaki. Waonyeshe, usilumbane.

Yule mzee alifunga kifaa chake kwenye glaida. Siku hizi ndiye anayepita asubuhi kukagua taa za wenzake kabla winchi, mashine inayovuta glaida hadi zipae, haijaanza kuvuta, na tukiruka pamoja ananiambia "kulia mbele".