Mizani zimetimia, sikio linakataa

Ndugu, umeuliza uamini kipi: hesabu ya mizani, yaani silabi za kila mshororo, au hisia inayokwambia ubeti wa tatu wa shairi lako umekwama. Mimi ningelisikiliza sikio. Mshororo unaweza kutimiza mizani 16, nane ukwapi (nusu ya kwanza) na nane utao (nusu ya pili), na bado ukachechemea. Mara nyingi mkosaji ni kina, ile silabi ya mwisho inayofanana: neno limevutwa kwa nguvu ili lipatane na mwenzake. Uimbe ubeti huo, usiusome kimoyomoyo. Pale ulimi unapojikwaa ndipo pa kufumua. Hisia hiyo haikushuka kutoka mbinguni (wanaongoja mizimu ya ushairi wanisamehe), imejengwa na beti zote ulizowahi kusikia. Ila kama uliandika usiku wa manane, lala kwanza, uimbe tena asubuhi kabla hujafuta chochote.