Kabla hujamlaumu senta, tazama anayempa mpira

Makocha vijana wa mpira wa kikapu huniambia mara kwa mara: "Senta wangu hafai, nikimpa mpira ndani anaupoteza." Senta ni yule mchezaji anayepokea mpira karibu na ringi, na mimi huuliza swali moja tu. Anapewa akiwa wapi, na mpira unatoka wapi?

Nilianza kama mchezeshaji, yaani mgawaji wa mpira, mjini Arua, Uganda, kwenye uwanja wa saruji wenye ringi zisizo na nyavu. Upepo ukivuma, mtupo wa mbali ulikuwa bahati nasibu, kwa hiyo tulimtegemea kijana mmoja mrefu aliyetoka Koboko. Msimu mzima niliamini hajui kudaka. Siku moja kocha akanitoa, akanisimamisha nyuma ya ubao nimtazame mwenzangu akitoa pasi zilezile nilizokuwa nikitoa mimi. Kutoka pale nikaona kila kitu: mpira unatoka katikati ya uwanja, mlinzi amekaa ubavuni mwa senta, mkono wake umenyooshwa kwenye njia ya pasi. Hata angekuwa nani asingeudaka. Yule kijana tulimlaumu bure, na mpaka leo linaniuma.

Kwa hiyo, ukitaka kuingiza mpira, shuka pembeni kwanza. Dunda mara moja au mbili hadi upite usawa wa mstari wa mitupo huru, mpaka wewe, senta na ringi mkaribie kuwa kwenye mstari mmoja. Hapo mlinzi wa ubavuni hana mkono wa kufika. Danganya juu, kisha dundisha chini, upande wa ule mkono wa senta ulio mbali na mlinzi. Senta naye auoneshe huo mkono, vidole wazi. Ukitoa pasi kuelekea kifuani, unampa mlinzi nusu ya mpira.

Mlinzi akisimama mbele ya senta, usilazimishe. Peleka mpira kwa mwenzako aliye kwenye mstari wa mitupo huru. Senta amzuie mlinzi mgongoni, na pasi ishuke kutoka juu. Hii tuliiita "zunguka." Timu yetu ilikuwa na Walugbara, Wakakwa, Wanubi na vijana kutoka Kongo, na Kiswahili ndicho tulichoelewana wote kwa neno moja la haraka.

Ukishatoa pasi, usisimame kutazama. Mlinzi wako akigeuza kichwa kufuata mpira, kata kwenda ringini. Akirudi nyuma kumsaidia mwenzake, teleza hadi kona. Senta akizingirwa na wawili, kuna mtu yuko wazi, mara nyingi upande wa pili.

Sheria ya sekunde 3, inayomkataza senta kukaa zaidi ya muda huo karibu na ringi timu yake ikishambulia, haina shida: senta atoke, aingie tena.

Tangu Silverbacks, timu ya taifa ya Uganda, wafike robo fainali ya AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, ya 2021 kule Kigali, naona vijana wengi zaidi viwanjani, na nafurahi sana. Lakini karibu wote wanataka kutupa kutoka mita 6.75, kwenye mstari wa pointi tatu. Mimi huwachezesha watatu kwa watatu, bila kudunda hata mara moja, na kikapu hakihesabiwi mpaka mpira uwe umeguswa ndani. Dakika 5 za kwanza hulalamika. Kisha utawasikia wenyewe wakipaza sauti: "Kata! Kona! Zunguka!"