Maswali na majibu: BTU, wati, na futi za mraba mnazozisahau

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya kubadilisha kipimo cha joto linalopita kwenye eneo, kutoka vipimo vya kizamani vya Kiingereza kama BTU (British thermal unit, kipimo cha nishati ya joto) kwenda metriki na kurudi. Yaliyokuja na namba tupu bila kipimo nimeyaacha isipokuwa moja, manake hilo moja linawahusu wengi.

Nina BTU kwa saa kwa futi ya mraba, nataka wati kwa mita ya mraba. Nizidishe na ngapi?

3.1546. Ukirudi nyuma gawanya kwa hiyo hiyo.

Ripoti niliyopewa inasema joto ni "BTU 500". Hiyo ni wati ngapi kwa mita ya mraba?

Haijibiki, na aliyeandika ripoti arudishiwe aimalizie. BTU peke yake ni kiasi cha nishati, jouli 1,055 hivi, haikwambii hilo joto limepita kwa muda gani wala kwenye eneo kubwa kiasi gani. Kama alimaanisha kwa saa kwa futi ya mraba basi ni wati 1,577 kwa mita ya mraba. Kama alimaanisha kwa sekunde, na wapo wanaotumia sekunde hasa watu wa moto na wa vyombo vya anga, basi ni kilowati 5,678, yaani mara 3,600 zaidi, na hapo hatuongelei tena kitu kimoja.

Jamani hili sio la mtihani tu. Kwenye viwanda vya mafuta kuna mwongozo wa API 521, wa Taasisi ya Petroli ya Marekani, unaosema joto la mwali wa gesi liwe kiasi gani pale watu wanapofanya kazi. BTU 500 kwa saa kwa futi ya mraba, sawa na kilowati 1.58 kwa mita ya mraba, ndo mahali mtu mwenye nguo zinazofaa anaweza kukaa muda wote, ila ikifika 1,500, yaani kilowati 4.73, ni dakika mbili tatu za dharura basi aondoke. Sasa chukua mtu aliyegawanya badala ya kuzidisha, hiyo 1,500 inamtokea wati 475, anaandika kwenye mchoro kwamba pako salama. Na angeweza kujishtukia mapema, manake jua la mchana bila mawingu ni kama wati 1,000 kwa mita ya mraba, BTU 317 kwa saa kwa futi ya mraba. Hiyo namba ya jua iwekeni kichwani. Jibu lako likisema mwali wa kiwanda una joto kidogo kuliko jua, huenda umekosea, rudi ukapige upya.

Nilipiga mwenyewe: BTU kwa saa ni wati 0.293, nikagawanya kwa 0.3048 ya futi, nikapata 0.96. Mbona haifiki 3.15?

Mraba! Nimelijibu hili mara nyingi sana na bado linarudi. Eneo linabadilishwa kwa 0.3048 mara 0.3048, inakuja 0.0929, gawanya 0.29307 kwa hiyo unapata 3.155 yako. Wanaotumia sentimita nao wanaanguka hapo hapo: wati moja kwa sentimita ya mraba ni wati 10,000 kwa mita ya mraba, sio 100. Na hita nyingi za umeme zinaandikwa wati kwa inchi ya mraba, moja ya hizo ni wati 1,550 kwa mita ya mraba.

Ila nakusifu kwa kupiga mwenyewe, anayejua namba imetokea wapi anaweza kuikagua.

Kikokotoo kimoja kinanipa 3.1546 na kingine 3.1525. Kipi kinadanganya?

Hakuna. BTU zipo zaidi ya moja, ya kwanza hapo inatumia jouli 1,055.06 na ya pili, ya wakemia, 1,054.35. Tofauti haifiki hata asilimia 0.1 wakati kihisi cha joto kikikosea kwa asilimia 3 watu wanashukuru. Chagua moja, iandike, endelea na kazi.

Nina kilokalori kwa saa kwa mita ya mraba kutoka kitabu cha zamani.

Zidisha kwa 1.163 upate wati. Kabla hujazidisha hakikisha ni kilokalori na sio kalori, vitabu vya zamani vinachanganya.

Kiyoyozi ni BTU 12,000. Ni wati ngapi kwa mita ya mraba?

Ni BTU 12,000 kwa saa, sawa na kilowati 3.5. Kwa mita ya mraba hakuna jibu mpaka useme eneo.

Kwenye jedwali letu kila mtu anajaza kwa kipimo anachokipenda, tunabadilisha mwishoni. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Chombo cha NASA kinaitwa Mars Climate Orbiter kilipotea Septemba 1999 kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa paundi na nyingine ikazisoma kama niutoni. Kipimo kiandikwe kichwani mwa kila safu, kizima, pamoja na saa na mraba, na kubadilisha kufanyike siku namba inapoingia.

Ukuta wangu una sufi ya kuzuia joto iliyoandikwa R-13 (R ni kipimo cha inavyozuia joto kupita), mwenzangu wa metriki anataka yake. Natumia hiyo 3.1546?

Hapana, hapa kuna nyuzi za Farenhaiti ndani yake, kwa hiyo 3.1546 inazidishwa na 1.8 inakuwa 5.678. Na msianze kutoa 32, hii ni tofauti ya joto kati ya pande mbili za ukuta, 32 haihusiki kabisa. 13 gawanya kwa 5.678 ni 2.29 za metriki. Kama pakiti haisemi R yake ni ya mfumo upi usikisie, manake kwa sufi ile ile namba ya Marekani ni kubwa karibu mara sita.