Beringi juu au chini?

Umeuliza biti ipi ya ruta (mashine ya kuchonga mbao kwa kisu kinachozunguka) ununue kwanza kwa kufuata kiolezo cha mwili wa gitaa. Mimi ningeanza na yenye beringi (kigurudumu kinachotambaa kwenye ukingo wa kiolezo) juu, upande wa shina, yaani sehemu inayoshikwa na mashine, na makali mafupi, milimita 10 hivi. Kwa mashimo ya pikapu (vinasa sauti vya gitaa) huna ujanja: makali yakiwa marefu, mkato wa kwanza usio na kina unaiacha beringi juu hewani, na biti inakula kiolezo chenyewe (changu kimoja kiliishia hivyo). Ukingo wa nje ukate kwanza kwa msumeno, acha milimita 2, kisha shusha biti kidogo kidogo. Shina la milimita 12 halitetemeki kama la 6. Kwenye pembe nenda taratibu, ukikata kinyume cha nyuzi za mbao, mbao inachanika.